Augustin Fresnel, Aliyepima Vivuli

Mtoto wa Pito akitaka kuona mawimbi makubwa hana budi kushuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa mpaka Ziwa Tanganyika, Kasanga au Kirando, na safari hiyo kwa miguu si ya asubuhi moja. Lakini mawimbi madogo yapo hata karibu na nyumbani. Na atwae vijiwe viwili, avitupe pamoja katika bwawa lililotulia, kimoja huku na kimoja kule. Kutoka kila kijiwe duara za maji zitaenea, zitakutana na kupishana, kisha kila moja itaendelea na safari yake kana kwamba haikukutana na mwenzake. Tena akitazama vema pale zinapokutana ataona jambo la ajabu. Pana mahali maji yanapanda maradufu, na pana mahali yametulia kabisa, ingawa mawimbi mawili yanapita hapo kwa wakati mmoja. Sababu yake ni hii: mgongo wa wimbi ukiangukia mgongo wa wimbi la pili, maji huinuka zaidi, mgongo ukiangukia bonde, moja hulifuta jingine.

Hayo ya maji hayakuwa na ubishi. Ubishi uliodumu Ulaya zaidi ya miaka mia ulikuwa juu ya nuru. Christiaan Huygens, Mholanzi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1690 ya kuwa nuru ni wimbi. Isaac Newton, Mwingereza, aliona afadhali kusema kuwa nuru ni chembe ndogo mno zirukazo moja kwa moja mfano wa mishale. Hoja kubwa ya upande wa Newton ilikuwa sauti. Mama akiita nyuma ya nyumba, mtoto aliye upande wa pili humsikia, maana sauti ni wimbi, na wimbi hujipinda pembeni mwa ukuta. Lakini mtoto huyo hamwoni mamaye. Basi, walisema, nuru haijipindi, na kwa hiyo si wimbi. Jina la Newton lilikuwa kubwa, nao wengi wakamfuata pasipo kuuliza zaidi.

Mtu aliyekuja kuitikisa hoja hiyo hakuwa mwalimu wa chuo kikuu wala tajiri mwenye vyombo vya thamani. Alikuwa injinia wa barabara, mwenye mwili dhaifu, aliyefukuzwa kazini na kuwekwa chini ya macho ya polisi. Jina lake ni Augustin Fresnel.

Alizaliwa tarehe 10 Mei, mwaka 1788, katika mji mdogo wa Broglie, jimbo la Normandie, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi mkuu wa kuchora na kusimamia majengo. Mwaka uliofuata yakaanza mapinduzi makuu ya Ufaransa, na baada ya miaka michache ya vurugu wazazi wakawachukua watoto wao mpaka kijiji cha Mathieu, karibu na mji wa Caen. Huko mama yao, mwanamke mcha Mungu sana, akawafundisha nyumbani. Watoto walikuwa wavulana wanne, na Augustin alikuwa wa pili.

Katika masomo alikuwa mzito. Alipotimiza miaka minane alikuwa bado anasoma kwa taabu, na kukariri maneno kulimshinda kabisa. Mtu angemtazama darasani tu angemhesabu miongoni mwa wajinga. Lakini nje ya nyumba wenzake walimjua kwa namna nyingine. Alipokuwa na miaka tisa hivi alianza kuchunguza ni mti gani ufaao kwa upinde na ni tawi gani lifaalo kwa bunduki za mchezo, likiwa bichi au kavu, nene au jembamba. Akatengeneza pinde na bunduki zenye nguvu hata wazazi wa kijiji wakakutana na kuzipiga marufuku, kwa kuwa zimekuwa silaha za kweli. Jambo hilo ni la kukumbuka, maana tabia ile ile ya kujaribu na kupima ndiyo aliyoitumia baadaye juu ya nuru.

Mwaka 1801 alipelekwa shule mjini Caen. Mwaka 1804, akiwa na miaka kumi na sita, akaingia katika chuo kikubwa cha Paris kiitwacho École Polytechnique, mahali palipofundishwa hesabu kuliko pengine pote, na kutoka huko akapita katika chuo cha mainjinia wa barabara na madaraja. Mwaka 1809 akaanza kazi ya serikali. Mwaka huo huo kaka yake mkubwa, Louis, aliyekuwa askari, aliuawa vitani Hispania.

Kazi ya barabara aliifanya kwa uaminifu, lakini haikuupendeza moyo wake. Kutwa nzima alihesabu kokoto na mishahara, akawasimamia vibarua, akasuluhisha magomvi yao, na katika barua zake kwa ndugu zake alilalamika kuwa kuwaongoza watu ni taabu kuliko kazi zote. Jioni ilikuwa yake mwenyewe. Alipokuwa Nyons, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1814, alisoma gazetini habari za utafiti mpya juu ya nuru, na humo mlikuwa na neno asilolijua maana. Akamwandikia mdogo wake Léonor amtafutie vitabu. Ndivyo alivyoanza: mtu mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mbali na wataalamu wote, haelewi hata maneno yao.

Mwezi wa Machi mwaka 1815 Napoleon akatoroka kisiwani Elba alikofungwa, akarudi Ufaransa kushika tena utawala. Fresnel alikuwa mtu wa mfalme. Ijapokuwa afya yake ilikuwa mbaya, akaiacha kazi akaenda kujiunga na majeshi ya mfalme yaliyojaribu kumzuia Napoleon. Hakufaa kitu kwa vita. Alirudi Nyons mgonjwa, akatukanwa na watu njiani, kisha akaondolewa kazini na kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi. Baadaye akapewa ruhusa kwenda kukaa kwa mama yake kijijini Mathieu.

Njiani alipita Paris, na hapo akaonana na François Arago, mnajimu kijana, aliyemzidi umri miaka miwili tu lakini alikuwa tayari mjumbe wa Akademia ya Sayansi, yaani baraza la wataalamu wa Ufaransa. Arago akamtajia watu waliokwisha kuandika juu ya kupinda kwa nuru. Wa kwanza wao alikuwa padre wa Shirika la Yesu katika mji wa Bologna, Italia, jina lake Francesco Maria Grimaldi, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1665. Padre huyo aliingiza nuru ya jua katika chumba chenye giza kwa tundu dogo sana, akaona ya kuwa kivuli cha kitu chembamba hakina ukingo mkali kama inavyodhaniwa. Kando yake pana mistari ya nuru na giza iliyopangana. Mwingine aliyetajwa na Arago alikuwa Thomas Young, mganga wa Kiingereza. Lakini Fresnel hakujua Kiingereza, hivyo habari hizo hazikumsaidia wakati ule.

Kule Mathieu hakukuwa na chombo cha kupimia. Fresnel alihitaji nuru itokayo katika nukta moja ndogo, na nuru ya jua yapaswa kukusanywa kwa kioo kilichovimba sana, ambacho hakupata. Akatoboa tundu dogo katika bati la shaba, akaweka juu yake tone la asali. Tone likavimba kama jicho la samaki, likaikusanya nuru ya jua kuwa nukta kali. Tena alihitaji kipimo cha kupima sehemu ndogo za milimita. Akakitengeneza kwa nyuzi na karatasi ngumu, na vyuma vichache alivyofuliwa na fundi wa kufuli wa kijijini. Wafipa, ambao wazee wao waliyeyusha chuma katika malungu yao wenyewe, hawatashangaa kusikia kuwa fundi wa kijiji aliweza kuisaidia elimu ya juu.

Akasimamisha waya mwembamba katika njia ya ile nuru, akatazama kivuli chake. Nje ya kivuli aliona mistari ya nuru na giza. Na ndani ya kivuli pia, pale ambapo kwa kanuni ya mishale pasingefika nuru hata kidogo, aliona mistari mingine. Kisha akabandika karatasi nyeusi upande mmoja wa waya, nuru ikapita upande wa pili tu. Mara mistari yote ya ndani ikatoweka. Fresnel akatambua maana yake. Upande mmoja wa waya peke yake hauleti mistari. Yahitajika nuru ya pande zote mbili ikutane. Mahali pengine nuru ikiongezwa juu ya nuru huleta nuru kubwa, na mahali pengine nuru ikiongezwa juu ya nuru huleta giza. Chembe mbili zikiongezwa haziwezi kuwa si kitu. Mawimbi mawili yaweza.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1815 akapeleka habari hizo Paris. Arago akafurahi, lakini ilimpasa kumwambia kuwa Thomas Young alikuwa amekwisha kufika huko kabla yake, tangu mwaka 1801 na miaka iliyofuata. Kwa mtu aliyetaabika na asali na nyuzi, habari hiyo ilikuwa chungu. Walakini Fresnel hakuficha wala hakushindana. Akamwandikia Young barua ya heshima na kukiri kuwa yeye ndiye wa kwanza, na tangu hapo wale wawili wakaandikiana kama watu wa kazi moja.

Sasa na tuitazame hesabu yenyewe, maana pasipo hesabu habari ya Fresnel ni nusu habari. Tuseme nuru ya rangi moja yapita katika matundu mawili madogo, na baina ya matundu hayo pana milimita 1. Mbele yake, mbali mita 2, yaani milimita 2,000, pana karatasi nyeupe. Katikati ya karatasi, pale palipo sawasawa kutoka kila tundu, mawimbi yote mawili yamesafiri mwendo ule ule. Mgongo unaangukia mgongo, nuru inazidi. Ukisogea kando kidogo, wimbi moja litakuwa na safari ndefu kuliko la pili. Tofauti ikifika nusu ya urefu wa wimbi, mgongo waangukia bonde, na hapo pana giza. Tofauti ikifika wimbi zima, nuru yarudi. Ili kujua kutoka mstari wa nuru mpaka mstari wa nuru ni umbali gani, zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa karatasi, kisha gawanya kwa nafasi iliyo baina ya matundu. Fresnel alitumia nuru nyekundu iliyochujwa kwa kioo chekundu, akakuta urefu wa wimbi lake ni milimita 0.000638. Basi zidisha kwa 2,000, gawanya kwa 1: jawabu ni milimita 1.276. Hakuna rula duniani iwezayo kuupima wimbi wa namna hiyo kwa kuugusa, lakini milimita moja na robo hata mtoto aweza kuipima. Ukiipima, waweza kuirudisha hesabu nyuma na kuupata urefu wa wimbi. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya Young na Fresnel.

Na hapo hoja ya mama aitaye nyuma ya nyumba inapata jibu. Wimbi hujipinda sana likikutana na kitu kisichozidi mno urefu wake lenyewe. Wimbi la sauti ya mtu ni refu, pengine nusu mita au mita nzima na zaidi, kwa hiyo pembe ya nyumba si kitu kwake. Wimbi la nuru halifiki hata sehemu moja katika elfu ya milimita. Nuru nayo hujipinda ukutani, lakini kwa kadiri ndogo mno hata jicho halioni, mpaka atokee mtu wa kutazama kivuli cha waya.

Hata hivyo maelezo ya kwanza ya Fresnel yalikuwa na kosa, na aliyeligundua ni Fresnel mwenyewe. Mwanzoni alidhani mistari ya nje yaletwa na nuru ya moja kwa moja inapokutana na nuru iliyoruka kutoka ukingo wa kitu. Akawaza kwamba kama ndivyo, ukingo mkali na ukingo wa mviringo havitatoa mistari iliyo sawa. Akatwaa wembe, akatazama kivuli cha makali yake, kisha cha mgongo wake. Mistari ilikuwa ile ile. Basi akaliacha shauri lake la kwanza, ingawa alikwisha kulipeleka mbele ya wataalamu, akaanza upya. Kulitupa wazo la mwenzako ni rahisi. Fresnel alilitupa la kwake.

Wakati huo Napoleon alikuwa ameshindwa vitani Waterloo na mfalme amerudi, naye Fresnel akarudishiwa kazi yake, akapelekwa Rennes. Tangu hapo aliishi maisha mawili: miezi ya barabara, na miezi michache ya likizo mjini Paris aliyoombewa na Arago. Mwaka 1816 alifanya jaribio la vioo viwili vya kujitazamia vilivyowekwa kwa pembe ndogo sana, hata nuru ya taa moja ikaonekana kama yatoka katika taa mbili. Mistari ikatokea hapo pia, bila ukingo wa kitu cho chote karibu. Waliosema kwamba ni kingo za vitu zinazoivuta nuru wakakosa la kusema juu ya jaribio hilo.

Shauri lake jipya lilikuwa hili. Alitwaa maneno ya Huygens, ya kuwa kila nukta ya wimbi lisafirilo ni chanzo cha wimbi dogo jipya. Akayaunganisha na maneno ya Young juu ya mawimbi kuongezana na kufutana. Waya au ukingo ukiziba sehemu ya wimbi, sehemu iliyobaki yote huendelea kutuma mawimbi madogo, na nuru ya mahali po pote ni jumla ya hayo yote. Ni kama mfanyabiashara afungaye hesabu ya mwaka: mgongo ni mali, bonde ni deni, na hawezi kujua alichonacho mpaka ajumlishe vyote, hata senti. Lakini hapa vya kujumlisha havina idadi. Ilimbidi Fresnel kutumia hesabu za juu, na kwa kuwa jawabu halikupatikana kwa njia fupi, alikokotoa kwa mkono wake hatua kwa hatua mpaka akapata jedwali zima la tarakimu. Wanafunzi wa vyuo vikuu hata leo huziita hesabu hizo kwa jina lake.

Mwaka 1817 Akademia ikatangaza zawadi kwa mtu atakayeeleza vema kupinda kwa nuru. Arago na rafiki yake Ampère wakamhimiza Fresnel ashindane. Mwaka 1818, akiwa sasa amepewa kazi Paris, akapeleka andiko lake. Humo alilinganisha jedwali lake na vipimo zaidi ya mia moja alivyovipima kwa macho yake, na tofauti baina ya hesabu na kipimo kwa kawaida haikufika hata sehemu moja katika kumi ya milimita.

Waamuzi walikuwa watano. Laplace, Biot na Poisson waliamini chembe za Newton. Gay-Lussac hakuwa na upande. Arago peke yake ndiye aliyeamini mawimbi. Mtu mwenye kesi angepata baraza la namna hiyo, moyo wake ungekufa.

Siméon Denis Poisson alikuwa bingwa wa hesabu kuliko karibu wote wa zama zake. Akalisoma andiko la Fresnel kwa uangalifu, na kwa ustadi wake akatoa ndani yake jambo ambalo Fresnel mwenyewe hakuliona. Kama kanuni za Fresnel ni za kweli, basi kivuli cha kisahani kidogo cha mviringo lazima kiwe na nukta ya nuru katikati yake, nuru ile ile ambayo ingekuwapo kama kisahani kisingekuwapo. Mtu ye yote mwenye akili, alivyoona Poisson, atajua kuwa katikati ya kivuli ndipo mahali pa giza kuu. Basi hesabu iongozayo kwenye upuzi kama huo lazima iwe na kosa.

Tazama jinsi hesabu ilivyomfikisha hapo. Ikiwa nuru yatoka mbali sana mbele ya kisahani, mawimbi huufikia ukingo wake wote kwa wakati mmoja. Na nukta ya katikati ya kivuli iko sawasawa kutoka kila upande wa ukingo. Kwa hiyo mawimbi yote yajipindayo ukingoni hufika pale pamoja, mgongo kwa mgongo, na hakuna la kuyafuta. Sogea kando na mambo hubadilika. Kwa kisahani cha upana wa milimita 2 na karatasi iliyo mbali mita 2, ukienda kando karibu theluthi moja ya milimita tu, wimbi jekundu la ukingo wa karibu na la ukingo wa mbali huwa yamekosana nusu ya wimbi. Hapo kufutana kumeanza. Kwa hiyo nukta yenyewe lazima iwe ndogo, na asiyejua pa kutazama hataiona.

Maneno hayakuweza kukata shauri hilo. Arago akachukua kisahani cha chuma chenye upana wa milimita 2, akakibandika kwa nta juu ya kioo, akakiweka katika njia ya nuru, akatazama katikati ya kivuli.

Nukta ilikuwapo. Iling'aa pale pale hesabu iliposema.

Mwaka 1819 Fresnel akapewa zawadi. Na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba nukta hiyo hata leo huitwa kwa jina la Poisson, mtu aliyeitaja ili kuonyesha kuwa haiwezi kuwapo. Tena ilikuja kujulikana kuwa Maraldi, mnajimu mwingine, aliwahi kuiona tangu mwaka 1723. Lakini hakuwa na hesabu ya kuieleza, na watu wakaisahau. Wazee wa upande wa chembe hawakugeuka siku hiyo. Yalihitajika majaribio mengine, hasa la Foucault mwaka 1850 lililoonyesha kuwa nuru huenda polepole zaidi majini kuliko hewani, kama kanuni ya mawimbi ilivyodai. Na katika karne ya ishirini, tangu Einstein alipoandika mwaka 1905, wataalamu wamekiri kuwa nuru ina tabia ya chembe pia, kwa namna ambayo Newton hakuiwaza. Lakini hesabu za Fresnel juu ya vivuli hazikutanguka.

Mwaka huo wa 1819 akaitwa katika tume ya minara ya taa. Mtoto wa Ufipa asiyejua bahari na aelewe kuwa mnara wa taa ni nyumba ndefu ijengwayo pwani au mwambani ili kuwaonya mabaharia usiku, kama ule wa kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, uliojengwa mwaka 1904. Siku za Fresnel taa za minara ziliwekewa vioo vya kurudishia nuru, na nuru nyingi ilipotea bure. Meli zikavunjika na watu wakafa mbele ya minara iliyokuwa ikiwaka. Kioo kilichovimba kingeikusanya nuru vizuri zaidi, lakini kioo kikubwa cha kutosha kingekuwa kinene na kizito mno. Fresnel akaona kuwa nuru hupindwa na uso wa kioo, si na unene wake. Basi akauondoa unene wa katikati, akaupanga uso kwa ngazi, vipande vya kioo vikizungukana kama pete. Wenzake walipomwambia kuwa Buffon aliwahi kuwaza jambo la namna hiyo zamani, alikubali, kama alivyomkubali Young. Kisha akaendelea na kazi, kwa kuwa taa ilikuwa bado haijatengenezwa. Mwezi wa Julai mwaka 1823 kioo chake kikubwa cha kwanza kikawashwa katika mnara wa Cordouan, uliosimama juu ya mwamba mlangoni mwa mto wa Gironde. Mabaharia wakaiona nuru yake kutoka zaidi ya kilomita 30.

Mwaka huo Akademia ikamchagua kuwa mjumbe, na kura zote zilikuwa zake. Lakini kifua kilikuwa kimekwisha kumshinda. Alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa usiokuwa na dawa siku zile, na mwaka 1824 alitapika damu. Akaacha kazi ya kuwatahini wanafunzi, akapunguza utafiti wake, akaweka nguvu alizobaki nazo katika minara. Hapa yafaa kusimama kidogo. Bado alikuwa na maswali mengi juu ya nuru, na aliyajua kuliko mtu mwingine duniani. Mwaka 1821 alikuwa ameonyesha kuwa wimbi la nuru hutikisika kwa kupingana na njia yake, kama kamba itikiswavyo, jambo ambalo hata Arago aliogopa kulitia sahihi. Lakini alipolazimika kuchagua, alichagua taa za mabaharia.

Mwaka 1825 tume yake ilikuwa imekubali mpango wa kuizungushia pwani yote ya Ufaransa minara, kila mmoja na alama yake ili baharia asiudhanie mwingine. Mwezi wa Juni mwaka 1827 alichukuliwa mpaka Ville-d'Avray, karibu na Paris, mama yake akawa naye. Siku nane kabla ya kufa alijiwa na rafiki yake Arago, amemletea nishani ya Rumford aliyotunukiwa na wataalamu wa London, mji wa Newton na wa Young. Hakuwa na nguvu za kuandika barua ya shukrani. Akafa tarehe 14 Julai, mwaka 1827, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa.

Mpango wa minara haukufa naye. Mdogo wake Léonor, yule yule aliyeombwa vitabu mwaka 1814, alikuwa injinia kama yeye na alikwisha kuwa msaidizi wake. Baadaye akawekwa katika kazi ile ya minara, akaiendeleza kwa miaka mingi, taa moja baada ya nyingine.